Safu ya Mwisho

Katika familia yetu, baba wa nyanya yangu husimuliwa kwa jambo moja tu: alikuwa wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kwenye safu. Alfajiri, kabla adhana haijasikika, yeye keshafika, keshatawadha, kesharudisha ndoo mahali pake. Watu wakianza kuingia alijisogeza nyuma, kisha akajisogeza tena, hata swala inapokimiwa yuko karibu na mlango, pale viatu vinapovuliwa. Tulisimuliwa hivi utotoni ili tujifunze unyenyekevu. Nyanya alimalizia kwa maneno yale yale kila mara: "Hakuwa mtu wa kujitanguliza." Nilikua nikiamini hivyo, mpaka nilipokwenda kutazama sinagogi huko India.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia mjini Bengaluru, na tasnifu yangu inahusu bandari za Bahari ya Hindi. Mtu wa Malindi hahitaji kusukumwa kuingia katika mada hiyo. Nimekulia mtaa wa Shela, si mbali na Nguzo ya Vasco da Gama, ambako watalii hupiga picha na watoto huteremka majabalini kuvua. Shuleni tulifundishwa kwamba Mreno huyo alifika kwetu Aprili 1498, akapokewa vizuri kuliko alivyopokewa Mombasa, akapewa rubani, na upepo wa kusi ukamfikisha pwani ya Malabar mwezi uliofuata. Hadithi ilikomea hapo, kana kwamba merikebu zile zilipopotea machoni petu zilikoma kuwapo.

Chuoni ndipo nilipoziona zikiendelea na safari. Nilijifunza kwamba mabaharia wale walitumia majedwali ya nyota ya Abraham Zacuto, mwanafalaki Myahudi aliyefukuzwa Hispania mwaka 1492 pamoja na Wayahudi wenzake, akakimbilia Ureno, na baada ya miaka michache akalazimika kuikimbia Ureno pia. Nikajifunza kwamba wakati wa kurudi, kwenye kisiwa cha Anjediva karibu na Goa, Wareno walimkamata Myahudi mmoja aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Goa. Walimtesa, wakambatiza, wakampa jina la Gaspar da Gama na kumfanya mkalimani wao. Merikebu zilipotia nanga tena Malindi, Januari 1499, naye alikuwamo.

Niliposoma hayo nilikifunga kitabu kwa muda. Miaka yote nimepita pale nguzoni, na sikuwahi kusikia kwamba mtu wa namna hiyo aliwahi kuutazama ufuo wetu kutoka kwenye sitaha ya watu waliomteka. Basi likizo ya muhula ilipofika nikakata tiketi ya treni ya usiku kwenda Kochi. Nilitaka kuona mahali ambapo watu kama yeye, waliopata bahati kuliko yeye, waliteremka na kujenga.

*

Ukifika Ernakulam asubuhi, unavuka maji kwa kivuko hadi upande wa Mattancherry. Nilivuka nikiwa nimesimama, mkoba kifuani, na kabla hatujafunga gati nilishaanza kunusa tangawizi kavu, iliki na pilipili manga. Maghala ya viungo bado yapo. Mitaa ni myembamba, madirisha ni ya mbao, mvua imeacha michirizi myeusi ukutani. Katika mkahawa mmoja nikaletewa appam na tui la nazi. Mama yangu angeviona angesema ni vibibi vilivyokosa sukari. Nikampigia picha nikamtumia. Akanijibu kwa neno moja: "Kwetu."

Wayahudi wa pwani hii ni wa kale sana kuliko Mreno yeyote. Wanazo bamba za shaba za mnamo mwaka 1000, ambazo mfalme Bhaskara Ravi Varman alimpa kiongozi wao, Joseph Rabban, katika bandari ya Muziris iliyokuja kuitwa Cranganore. Bamba hizo zinampa haki 72. Miongoni mwake ni kusamehewa kodi, kupigiwa ngoma na tarumbeta, kufunikwa mwavuli, kubebwa kwenye machela na kuwashiwa taa mchana. Msomaji wa kwetu hatashangaa. Nasi tulikuwa na siwa, na ngoma kuu, na watu waliopigiwa na watu wasiopigiwa. Alama za namna hiyo hazikuwa pambo. Zilikuwa njia ya kumjulisha kila mtu nani ni nani.

Katika karne ya 12 msafiri Myahudi kutoka Hispania, Benjamin wa Tudela, aliandika kwamba huko Kollam, kusini ya hapo, wako Wayahudi weusi kama majirani zao, wanaoijua Torati. Na mbele ya sinagogi ya Chendamangalam, kaskazini ya Kochi, limesimama jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Sarah binti Israel, limeandikwa Kiebrania, la mwaka 1269. Kwa hiyo, wakimbizi wa Hispania na Ureno walipoanza kufika Kochi katika karne ya 16, hawakukuta pwani tupu. Walikuta Wayahudi wenzao, wenye lugha ya Kimalayalam, wenye masinagogi yao, wenye karne nyingi nyuma yao.

Wale wageni wakaitwa Paradesi, yaani wageni hasa. Ndiyo maana ya neno lenyewe. Raja wa Kochi akawapa kiwanja pembeni ya kasri lake, na mwaka 1568 wakajenga. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1662, Wareno waliiharibu sinagogi yao kwa sababu Wayahudi walikuwa wameegemea upande wa Waholanzi. Mwaka uliofuata Waholanzi wakauteka mji, na sinagogi ikatengenezwa upya. Ndiyo hiyo inayosimama leo, mwishoni mwa kichochoro kilichojaa maduka ya shali, vinyago na viungo vya watalii.

Unavua viatu mlangoni. Sikutarajia hilo, na nilipoziweka kandambili zangu kwenye ule msururu nilijihisi mwenyeji kidogo. Ndani, kitu cha kwanza ni sakafu. Ni vigae vya Kichina vya karne ya 18, vyeupe na buluu, vimechorwa kwa mkono, na inasemekana hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Juu zinaning'inia taa za vioo kutoka Ulaya, za rangi mbalimbali, hata huwezi kuinua macho bila kusahau ulichokuwa ukitazama chini. Katikati ipo mimbari iliyozungushiwa nguzo za shaba nyeupe kwa kung'arishwa. Juu, mbele ya roshani ya wanawake, ipo mimbari ya pili, jambo ambalo masinagogi ya Kerala yanajulikana kwalo. Nje unasimama mnara wa saa wa karne ya 18, uso mmoja una tarakimu za Kiebrania, mwingine za Kirumi. Ukuta wa upande mmoja unapakana na hekalu la Kihindu la kasri.

Nilikaa humo saa nzima. Nilichutama kwenye vigae nikitafuta viwili vilivyofanana ili niuvunje ule uvumi, nikashindwa. Watalii waliingia kwa makundi na kutoka kwa makundi. Kwenye chumba cha pembeni nilitazama picha kubwa za rangi zilizochorwa kwa ajili ya sherehe ya miaka 400, mwaka 1968, sherehe ambayo Indira Gandhi, waziri mkuu wa wakati huo, alihudhuria. Zinaonyesha Wayahudi wakiwasili, mfalme akikabidhi bamba za shaba, sinagogi ikijengwa. Nilitoka nikiwa na kurasa tatu za maandishi. Nilipozisoma jioni niligundua kwamba zote zilihusu vitu. Hamkuwa na mtu hata mmoja aliyeketi.

*

Msimamizi wangu alikuwa amenipa sura moja ya kitabu, kivuli cha kopi, akasema niisome kabla sijaenda. Sikuisoma. Niliisoma jioni ile, kwenye kibanda cha chai, baada ya kuona vigae.

Sura ile ilihusu watu walioitwa meshuchrarim. Ni neno la Kiebrania, nalo maana yake ni walioachwa huru. Baadhi ya Paradesi walikuwa na watumwa. Watumwa hao waliingizwa katika dini, wakaachwa huru, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Walishika Sabato, walijua nyimbo, walifunga siku za kufunga. Lakini katika sinagogi ile yenye sakafu ya Kichina, benchi hazikuwa zao. Walikaa kwenye chumba cha mbele, sakafuni au kwenye ngazi. Hawakuitwa kuisoma Torati mbele ya watu. Binti wa Paradesi hakuolewa na mwana wao, na makaburi yao yalikuwa mbali. Na Wayahudi wa kale wa Malabar, ambao hawakuwa watumwa wa Paradesi kamwe, wakabandikwa jina la Wayahudi Weusi na kusengenywa kwamba nao asili yao ni utumwani, ili wasidai usawa.

Dini yenyewe haikuwapa ruhusa. Katika karne ya 16 suala hili lilipelekwa kwa barua hadi Misri, kwa rabi mashuhuri David ibn Zimra. Aliulizwa: hawa matajiri wachache wanaokataa kuoana na wenzao kwa kuwaita watumwa, wana haki? Akajibu kwamba watu wale wakishatimiza taratibu za kuingia katika dini kama inavyotakiwa, ni Wayahudi kamili, na ndoa ni halali. Barua ikasafiri baharini na kurudi na jawabu. Walioulizwa habari zao wakaendelea kukaa sakafuni kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Kutoka kwa watu hao akazaliwa, mwaka 1882, Abraham Barak Salem. Alisoma, akawa wakili, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kochi. Desemba 1929 alikuwapo Lahore, kwenye mkutano wa chama cha Congress ulioazimia uhuru kamili wa India. Aliporudi kwao alikuwa bado mtu wa ngazini. Mtu aliyeruhusiwa kusimama barazani na kubishana na mawaziri wa raja hakuruhusiwa kuketi kwenye benchi la sinagogi ya mtaani kwake.

Akachukua mbinu za Gandhi akaziingiza humo humo ndani: kususia, kukaa anapokatazwa, kukataa kunyamaza bila kuinua mkono. Ilichukua miaka. Katika miaka ya 1930 watu wake wakapata benchi, za nyuma. Katika miaka ya 1940 wakaanza kuitwa kusoma Torati. Mwaka 1950 mmoja wa wanawe alimwoa binti wa Paradesi, na ndoa ikabidi ifungwe Bombay, kwa kuwa Kochi haikuwezekana. Watu wakamwita Salem "Gandhi wa Kiyahudi". Alifariki mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya zile sherehe za miaka 400.

Chai ilikuwa imepoa. Nilikuwa nimeshika ukurasa ule wenye maneno "kwenye ngazi", na nilichokiona si ngazi za Mattancherry. Niliona mlango wa msikiti wa kwetu, na viatu, na mzee mmoja anayejisogeza nyuma.

*

Sijawahi kuandika haya, na sina hakika nyumbani watafurahi nikiyaandika.

Malindi ya leo si ile ya mwaka 1498. Mji ule wa zamani ulidhoofika na kubaki magofu. Huu wetu ulifufuliwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Unguja, ukawa mji wa mashamba ya mtama na ufuta. Aliyelima mashamba hayo ni mtumwa. Historia hiyo imeandikwa, na kila mwanafunzi wa historia anaweza kuisoma maktabani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini maneno hayafutwi kwa sheria. Mzalia, hadimu, mtoro: maneno haya yalibaki midomoni mwa watu, na baadaye yakashuka kutoka midomoni yakakaa machoni, mahali ambapo huwezi kumshitaki mtu kwayo.

Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alipeleka posa kwa watu fulani. Walitupokea kwa heshima, wakatunywesha sharubati, wakaomba muda. Baada ya wiki mbili likaja jibu kupitia mshenga: "Tumeuliza, tukaambiwa." Hawakusema walimuuliza nani wala waliambiwa nini. Baba yangu alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua. Mama akaingia jikoni. Nyanya akasema, "Si riziki yake," na mlango wa mazungumzo ukafungwa. Kaka ameoa kwingine, ana mtoto, ana raha. Mimi ndiye niliyebaki na lile neno: tukaambiwa. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba kuna jambo wote wanalijua isipokuwa sisi vijana.

Usiku ule Mattancherry nililielewa, bila kuambiwa na yeyote.

Asubuhi nikarudi sinagogi. Ilikuwa Alhamisi, na nilijua Ijumaa na Jumamosi hufungwa, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikavua viatu tena. Safari hii sikuingia hadi ndani. Nilisimama kwenye kile chumba cha mbele, ambacho watu hukipita bila kukitazama kwa kuwa macho yao yameshatangulia kwenye vigae. Ni chumba cha kawaida. Kutoka hapo unaona taa, unaona mimbari kwa upande, unasikia kila kitu. Nilijaribu kukadiria: mtu aliyekaa hapa chini angeona migongo, na miguu, na sehemu ya sanduku takatifu kama watu wa mbele hawakusimama. Mlinzi akanionyesha kwa mkono kwamba ndani ndiko kuzuri. Nikamshukuru, nikabaki nilipo.

Katika zile picha za miaka 400 sikuona hata moja yenye watu wa ngazini.

Sisemi haya kuwasuta Wayahudi wa Kochi. Watu waliofukuzwa Hispania, wakabatizwa kwa nguvu Ureno, wakaharibiwa sinagogi yao na Wareno wale wale hata huku walikokimbilia, hawahitaji somo la mateso kutoka kwangu. Na nchi waliyoikimbilia ilikuwa na utaratibu wake mkali wa matabaka, uliowafundisha kwamba heshima ya mtu ni umbali kati yake na mwingine. Linalonisumbua ni jinsi funzo hilo linavyofahamika upesi, hata kwa mtu ambaye jana tu lilikuwa likimpiga yeye. Sisi tuliobaki na kitabu kinachotamka kwamba mbora ni mcha Mungu hatukufanya vizuri zaidi. Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh alipoanza kuwafundisha dini watoto wa watumwa na watu wa daraja la chini, waungwana walichukia. Leo watu husafiri kutoka mbali kuhudhuria Maulidi katika msikiti wake wa Riyadha, na wajukuu wa waliochukia nao wamo. Habib Saleh alikuwa sharifu; alikuwa na nafasi mbele, akaenda kukaa na walio nyuma. Salem hakuwa na nafasi ya kuiacha. Alianzia ngazini.

*

Kabla ya kuondoka nilitembea dakika chache kusini ya Paradesi, kuitafuta sinagogi nyingine ambayo haimo katika matembezi ya watalii wengi. Inaitwa Kadavumbagam, ya Wayahudi wa Malabar, na ni ya kale kuliko ile yenye vigae. Ilikamilika katika miaka ya 1540. Wenyewe waliondoka katika miaka ya 1950, karibu jamii nzima, wakahamia Israeli. Jengo likageuka ghala. Mwaka 1991 mbao zake za ndani, pamoja na dari, zilinunuliwa zikapelekwa kwenye jumba la makumbusho Jerusalem, ambako zimesimamishwa upya na zinatunzwa. Ganda likabaki Mattancherry. Mwaka 2019 mvua ikabomoa sehemu ya mbele.

Nilikuta kuta, majani na kimya. Sinagogi ya waliokuja nyuma ina mlinzi, tiketi na stempu ya posta ya mwaka 1968. Ya waliotangulia ina mimea ukutani. Ng'ambo ya maji, Ernakulam, ipo nyingine ya Malabar yenye jina hilo hilo la Kadavumbagam, na kwa miaka mingi ukitaka kuiona ulipitia kwanza kwenye duka la miche na samaki wa mapambo. Duka ndilo lililoiokoa, maana mwenyewe alikuwa pale kila siku. Tunapozuru turathi tunadhani tunaona yaliyokuwapo. Kwa kweli tunaona yale yaliyobaki na mtu wa kuyapigia deki.

Hata Paradesi yenyewe haina tena watu. Sala kamili ya jamaa kwao huhitaji wanaume kumi, na kwa miaka mingi sasa kumi hawapatikani bila wageni kupita. Waliobaki wanahesabika kwa vidole. Hilo ndilo nililolitafakari kwenye kivuko cha kurudi. Benchi zile zililindwa kwa karne na karne. Zilipofunguliwa, katika miaka ya 1930 na 1940, zilikuwa zimebakisha muda mfupi tu za kukaliwa. Baada ya hapo ukaja uhuru wa India, ikaja Israeli, vijana wakaondoka, na wote, wa mbele na wa ngazini, wakawa safu moja ya watu wanaosubiri meli.

*

Nilimpigia nyanya jioni ile, nikijua kwao ndiyo kwanza wametoka asri. Alikuwa kibarazani. Nilimsikia akimwambia mtu amshikie simu vizuri.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamweleza habari za vibibi, na kuvua viatu, na vigae. Alifurahi kusikia kwamba kuna watu wanaovua viatu huko. Halafu nikamsimulia habari za wakili na ngazi, polepole, kama ninavyomsimulia tamthilia anazozikosa. Hakunikatiza. Nikamaliza, nikavuta pumzi.

"Nyanya, baba yako alikuwa akiswali safu ya mwisho kwa nini?"

Nilisikia baiskeli ikipita, na mtu akimsalimu, naye hakuitikia.

"Alizoea," akasema.

Nikanyamaza.

"Alizoezwa," akasema.

Kisha akanisimulia jambo ambalo halimo katika hadithi tuliyolelewa nayo. Ijumaa moja, yeye akiwa msichana mdogo, alikuja mwalimu mgeni. Alimwona mzee huyu anafika wa kwanza na kurudi nyuma, akamshika mkono mbele ya watu wote, akamvuta hadi safu ya kwanza. Akaswali hapo. Aliporudi nyumbani hakula. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Akajibu: "Nimeswali leo, lakini sijui nilisoma nini. Masikio yangu yote yalikuwa mgongoni." Ijumaa iliyofuata akarudi mlangoni, na mwalimu yule alikuwa keshaondoka.

"Kwa nini ulituambia ni unyenyekevu?" nikamuuliza. Nilijitahidi sauti isiwe ya kulaumu.

"Nilitaka mumpende," akasema. "Ningewaambia nini? Mwende shule na hilo mkononi?"

Sikuwa na jibu. Nilifikiri juu ya zile picha za miaka 400, na mchoraji aliyeambiwa achore yanayofaa kusherehekewa.

Baada ya muda nyanya akauliza, "Na huyo wakili wenu, mwisho alikaa?"

"Alikaa."

"Na wale waliokuwa wakimkataza?"

"Wamekwisha, nyanya. Wengine wamekufa, wengine wamehama. Benchi ziko tupu. Watalii ndio wanaoingia."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha wala ubaya. "Subhanallah. Wamegombea kiti mpaka kiti kikawachoka."

Nikamwambia nataka kuandika. Si tasnifu, kitu cha watu kusoma. Akasema niandike habari za Wahindi na Mayahudi. Nikamwambia na za kwetu. Akakaa kimya tena, halafu akaniuliza kama nina kalamu.

Akanitajia jina la babu yake, yaani baba wa yule mzee wa safu ya mwisho, mtu ambaye katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia akitajwa. Lilikuwa mojawapo ya yale majina ambayo watu walipewa, hawakuzaliwa nayo. Akanitajia na shamba, na upande wa mji lilipokuwa. Nikamwomba alirudie jina, akalirudia kwa herufi, kama anayemfundisha mtoto.

Limo katika daftari langu, ukurasa unaofuata zile tatu za vigae. Hapa sitaliandika. Nyanya amesema atakaponipa ruhusa ataniambia, na kwamba kwanza anataka kumpigia kaka yangu amweleze yeye mwenyewe.